Kiti cha Mtani

Niseme mapema ili usije ukanihurumia bure: katika habari hii mwenye kosa ni mimi. Watu niliowahi kuwasimulia wananitafutia udhuru. Ooh, ajira ngumu siku hizi. Ooh, mwanamke peke yake. Ooh, tajiri ndiye aliyeandika barua. Sitaki! Udhuru wote huo nimeshaujaribu mwenyewe, mmoja mmoja, kama mtu anayejaribu magauni ya mtumba, na hakuna hata mmoja ulionikaa.

Nilikuwa meneja Dar es Salaam kwa miaka kumi na mmoja, katika kampuni iliyokuwa ikisafirisha ufuta na nafaka. Siku moja wakafunga tawi letu. Tuliitwa ukumbini asubuhi, tukapewa soda na barua, na kufika adhuhuri nilikuwa nyumbani nimekaa kitandani na viatu miguuni. Nikajipa moyo. Mimi huyu, na uzoefu wangu, mwezi hauishi sijapata kazi. Mwezi ukaisha, ukaja mwingine, mwaka ukapinduka.

Asiyewahi kutafuta kazi akiwa na miaka arobaini na sita asiniambie kitu. Nilijiunga na magrupu ya ajira kwenye simu mpaka simu ikawa nzito. Dada wa duka la kuchapa alikuwa ananitania mwanzoni, "Anti, leo tena nakala tano?" Baadaye akaacha kutania, akawa ananibania karatasi zangu kwa pini bila kunitazama. Huruma ile ilinichoma kuliko matani. Mahali pengine nilihojiwa na binti niliyempokea kazini mimi mwenyewe, nikamfundisha hata namna ya kuandika barua ya ofisi. Aliniita mama. "Mama, uzoefu wako ni mkubwa kuliko nafasi tuliyo nayo. Tutakupigia." Mwe! Hilo "tutakupigia" nalijua, nimewaambia watu wangapi mimi nikiwa upande wa pili wa meza.

Mama yangu mzazi alikuwa Tingi, kijijini kwetu Kilwa, na hakujua lolote. Kila Ijumaa baada ya sala alinipigia simu. "Kazini hawajambo?" Nami nikajibu, "Hawajambo mama, wanakusalimu." Mwaka mzima nilimpelekea salamu za watu ambao hawapo. Yeye naye akawa anawaombea dua, kwa bidii, mmoja mmoja, kwa vyeo vyao. Nilikuwa nakata simu naona haya hata kujitazama kwenye kioo.

Ndipo mwenzangu mmoja wa zamani akanipigia. Kuna kiwanda kidogo cha kubangua korosho nje ya mji wa Lindi, akasema. Meneja wake anakwenda Dar kupasuliwa nyonga, tajiri anatafuta mtu wa kukaimu miezi mitatu.

"Kukaimu?" nikasema. "Mimi?"

"Basi nimpe mwingine?"

"Ebu ngoja kwanza," nikasema mbio mbio, na nilikuwa nimeshasimama.

Mama nilimwambia nimehamishiwa Lindi. Alipiga kigelegele kwenye simu mpaka sikio likaniuma, maana Lindi na Tingi ni safari ya basi ya saa chache tu, ataweza kuniona. "Umeneja ule ule?" akauliza. Nikasema ule ule. Neno kaimu sikulitamka, na hakuwahi kulijua.

Yule meneja nilimkuta ofisini ameinamia fimbo, mtu wa makamo, mrefu, kofia ya kiua kichwani, kicheko chake kinasikika tangu getini. Mtu wa Sudi. Nilipotaja kwetu na kabila langu akagonga fimbo sakafuni. "Alaa! Kumbe tumeletewa mtani! Nimepona sasa, nyonga haiumi tena!" Kabila lao na letu ni watani tangu mababu. Kwa asiyejua mambo ya kwetu: mtani anakutukana hutakiwi kununa, anakuchukulia kuku wako hutakiwi kumshtaki, na siku ya msiba ndiye anayevaa nguo za marehemu na kumwigiza mbele ya waliofiwa mpaka wacheke na machozi yao. Mtani ni ndugu aliyeruhusiwa kusema lolote. Basi tangu saa ile hakuniita kwa jina wala kwa cheo. Ni mtani tu, nami nikamwita mtani.

Wiki nzima alinifundisha kazi. Nilidhani najua umeneja. Nilijua wa meza. Yeye alinionyesha jinsi ya kusikiliza korosho zikitoka kwenye mvuke, ukizitikisa kwenye beseni zisipoita vizuri bado hazijakaa sawa. Alinionyesha wabanguaji, wanawake zaidi ya thelathini wamekaa kwa safu, mikono imepakwa mafuta ya nyonyo maana maji ya ganda la korosho yanababua ngozi. Alimjua kila mmoja na shida za nyumbani kwake. "Ukipita hapa asubuhi usianze na kazi," akaniambia. "Anza na mgonjwa wa mtu, mtoto wa mtu, ndoa ya mtu. Kazi itakuja yenyewe." Kiti chake kilikuwa cha mbao, kimewekewa mto wa kanga alioushona mkewe kwa ajili ya ile nyonga. Akanikalisha juu yake kwa mikono miwili kama bibi harusi.

Siku ya kuondoka akasimama mbele ya wabanguaji wote. "Mnamwona huyu? Nimemwachia kiti, sikumwachia nyumba! Nikirudi nimkute amesimama!"

Nami nikajibu papo hapo, kama inavyotakiwa. "Nenda salama, mtani. Kaburi lako tutalichimba penye kivuli, na mto wako nitauongezea pamba."

Wanawake wakavunjika mbavu. Mmoja alidondosha beseni. Yeye mwenyewe alicheka mpaka akashika nyonga, akasema, "Tangulia wewe, sanda yako naivaa mimi!" Akapandishwa kwenye gari huku anapunga mkono. Na wallahi, siku ile nilikuwa natania tu.

Sijui ni lini utani ule uliniingia moyoni ukawa nia. Labda ni wiki ya tatu, mshahara ulipoingia na mimi nikaenda Tingi na kilo za mchele na mafuta, mama akawaita majirani waje kumwona mwanawe meneja. Labda ni mwezi wa pili, nilipoanza kuamka kabla ya adhana nikiwa na hamu ya kazi, jambo lililokuwa limenitoka kabisa. Nilijua majina ya wabanguaji wote. Nilijua ni nani mumewe amerudi kutoka baharini na nani hajarudi. Kiwanda kilikuwa kinakwenda. Nami nikawa nahesabu siku zilizobaki nikiwa naswali, Mungu anisamehe, midomo inasoma na kichwa kinahesabu.

Wabanguaji walifanya kisomo cha kumwombea mgonjwa wao siku ya upasuaji. Tulikaa kwenye mikeka pale uani, ubani unafuka. Kila dua, wote wakaitikia amina. Mimi niliitikia kwa mdomo. Moyoni niliuliza swali moja tu: na asiporudi? Sikumwombea mabaya, sikufika huko. Niliuliza tu. Lakini mtu mwenye akili zake anajua swali lile lilikuwa ni dua ya namna gani.

Ikiwa imebaki wiki mbili tajiri akapiga simu kutoka Dar. Tajiri yule ni mtu wa maneno machache, kiwandani alifika mara mbili kwa mwaka. "Yule bwana ameruhusiwa, yuko kwao Sudi," akasema. "Ananiambia amepona. Lakini kila mgonjwa husema amepona. Msimu unakaribia, sitaki mtu wa kuniangukia njiani. Wewe nenda ukamwone kwa macho yako, kisha uniambie. Neno lako ndilo nitakalolichukua."

Nenda ukamwone kwa macho yako! Hivi huyu tajiri hakujua anamtuma nani? Alijua bila shaka, au hakujali. Lakini haya nayo ni udhuru, nimesema sitaki.

Nilikwenda Jumamosi. Basi mpaka njia panda, kisha bodaboda mpaka Sudi, na mfuko wa machungwa mapajani. Njia nzima nilikuwa naomba. Sasa niseme ukweli mtupu: nilikuwa naomba nimkute kitandani.

Nilimkuta barazani anasuka kamba. "Mtani! Umekuja kupima urefu wa kaburi?" Akainuka. Hakuna fimbo. Akashuka ngazi mbili za baraza, akavuka uwanja mpaka kwenye mnazi, akaugonga kwa kiganja, akarudi. Hakuchechemea. Mkewe alikuwa amesimama mlangoni na kitambaa cha jikoni, akampigia makofi kama mtoto anayejifunza kutembea, na yeye kwa kiburi akatupia hatua mbili za ngoma. Sote tulicheka. Mimi nilicheka kuliko wote.

"Umeona?" akasema. "Kamwambie tajiri. Jumatatu ya kwanza ya mwezi saa moja na nusu nipo getini. Na wewe, mtani, usihuzunike, nitakuandikia barua ya sifa mpaka wenyewe waulize huyu ni malaika wa wapi. Kuna mwarabu mmoja Mtwara ananisikiliza, nitampigia nikirudi kazini." Akasema vile bila utani. Alishaifikiria kesho yangu, mimi niliyekuwa nimekuja kuichimbia kaburi kesho yake yeye.

Tulikula wali na mchuzi wa samaki. Wakati wa kunisindikiza aliinamia ndala zake mlangoni, akaweka mkono ukutani ili aingize mguu. Mara moja tu, kama ninavyofanya mimi, kama unavyofanya wewe. Mkewe akanifungia pweza mkavu wawili kwenye gazeti. "Mpelekee mama yako Tingi, mwambie kutoka kwa watani zake." Nikapokea kwa mikono miwili, nikashukuru.

Tajiri alipiga jioni, nikiwa naikunja kanga yangu ya safari. "Haya, niambie."

Nilikuwa nimejitayarishia maneno mengine. Wallahi nilikuwa nayo: amepona, bosi, anatembea. Yalikuwa mepesi, maneno matatu. Nikafungua mdomo yakatoka haya: "Bado, bosi. Nimemwona anashika ukuta."

"Anashika ukuta?"

"Ndiyo, bosi. Wakati wa kutoka nje."

"Nilijua," akasema. "Basi endelea wewe. Nitaleta barua, na yeye nitamweleza mwenyewe."

Akakata. Simu ilikuwa bado ina joto mkononi. Ningeweza kumpigia palepale, nikamwambia bosi, subiri, sikumaliza. Salio lilikuwepo. Nilikaa nayo mpaka ikazima mwanga, kisha nikaiweka juu ya meza nikaenda kukoroga uji. Sikusema uongo, nikajiambia. Niliona mkono, niliona ukuta. Nilijiambia hivyo wiki mbili nzima, na kila nikijiambia uso uliniwaka moto.

Wale pweza niliwapeleka Tingi. Mama aliwapika kwa nazi, akala akiramba vidole, akawaombea watani wa Sudi kila heri. Akataka habari za huyo mtani, nikamsimulia yale ya sanda na kaburi, akacheka mpaka akakohoa. "Huyo ndiye mtani!" akasema. "Siku nikifa aje huyo. Avae kanga yangu ile ya njano, awaigizie nilivyokuwa nagombana na kuku wangu. Sitaki msiba wa kununiana mimi." Nikamwambia mama, acha maneno hayo. "Mwambie," akasisitiza. Nikasema nitamwambia.

Barua ilikuja kwenye simu. Nikaichapa, nikaipiga muhuri, nikaisoma mara moja, nikaitia kwenye droo. Sasa sikiliza kosa lingine: sikuuliza kama mwenyewe ameshaambiwa. Tajiri alisema atamweleza, nami nikakaa nyuma ya neno hilo kama mtu anayejificha nyuma ya pazia na miguu inaonekana.

Jumatatu ya kwanza ya mwezi, saa moja na nusu, nilisikia vigelegele getini. Alikuja anatembea uani katikati ya wabanguaji, shati jeupe limepigwa pasi, kofia safi, mkononi ndoo ndogo ya visheti alivyofungiwa na mkewe awagawie. Wanawake waliacha kazi zao wakamfuata mpaka mlangoni pa ofisi. Na mimi, kwa nini sikusimama? Nilikuwa nimekaa kwenye kiti, juu ya mto, na miguu haikunyanyuka.

"Ala! Bado umekaa?" akasema kwa sauti ya kusikika na wote. "Si nilisema nikukute umesimama? Ondoka kwenye kiti changu, mtani!"

Nikasema, "Kiti si chako tena."

Kicheko kilicholipuka pale mlangoni, loo! Waligongana viganja. Mama mmoja akasema, "Huyu mtani ana roho ngumu huyu!" Yeye ndiye aliyecheka zaidi. Akaweka ndoo mezani, akajishika kiuno. "Mnamsikia? Nimekwenda kukatwa nyama, narudi nakuta nchi imepinduliwa!"

"Nasema kweli," nikasema. "Kazi haipo. Rudi nyumbani."

Wakacheka tena. Yeye akafuta machozi kwa kiganja. "Sawa, nirudi, lakini nipe nauli basi, na mto wa mke wangu!" Nilitaka kulia. Nilikuwa namwambia ukweli wa kwanza tangu nimjue na hakuna mtu hata mmoja pale wa kuuamini. Kila neno langu lilikuwa linageuka kichekesho kabla halijafika masikioni mwake.

Mara ya tatu sikusema neno. Nilifungua droo nikatoa barua. Hapo kicheko chake kilibaki usoni lakini sauti ikaisha. Wa mlangoni waliendelea kidogo, kisha nao wakanyamaza, mmoja baada ya mwingine.

"Nisomee," akasema. "Miwani nimeiacha."

Nikasoma. Kwamba kaimu meneja ataendelea kukaimu kwa miezi mingine mitatu. Kwamba meneja anapumzishwa hadi hapo itakapoamuliwa vinginevyo. Kulikuwa na sentensi katikati, nikairuka. Sauti yangu iliiruka kama mtu anavyoruka dimbwi, na yeye alisikia. Meneja wa miaka ile yote anajua barua ya ofisi inavyokwenda. Akanyoosha mkono, nikampa. Akaisogeza mbali na uso, akaileta karibu, akaisogeza tena, akaisoma mwenyewe kwa sauti ya chini, neno kwa neno, kama mtoto wa chuo cha Kurani: "Kwa kuzingatia taarifa ya kaimu meneja aliyemtembelea nyumbani, kwamba bado hawezi kutoka nje pasipo kushika ukuta."

Nikasikia mvuke kwenye boila kule nyuma.

"Nilikuwa navaa ndala," akasema.

Nikaifunga droo.

"Siku ile, dada. Nilikuwa navaa ndala."

Dada. Tangu tujuane hakuwahi kuniita hivyo. Akaikunja barua vizuri kwa mikunjo yake ileile, akaniwekea mezani. Kisha akageuka, wanawake wakampisha, akavuka ua wote ule, kutoka mlangoni kwangu mpaka getini, hakushika ukuta, hakushika bega la mtu. Wote tulimtazama akitembea. Ndoo ya visheti ilibaki mezani kwangu mpaka jioni na hakuna mbanguaji aliyekuja kuchukua hata kimoja.

Utasema kwa nini sikumfuata. Nami najiuliza hilo kila siku. Utasema kwa nini sikumpigia tajiri siku ileile nikamwambia bosi nilikudanganya, mtu huyu ni mzima, ametembea hapa mbele ya watu thelathini. Nililijua jibu na ni la aibu: niliukumbuka ule mwaka wa Dar bila kazi, na dada wa kuchapa, na lile "tutakupigia". Nikaona bora nionekane mbaya nikiwa na kazi. Nilidhani aibu ni kitu cha wiki mbili tatu.

Mto niliutoa kwenye kiti siku hiyohiyo. Nikautia kabatini. Kuukalia sikuweza, kuupeleka Sudi sikuthubutu. Wabanguaji hawakunigomea, la, ni watu wa adabu. Asubuhi nikipita nawauliza mgonjwa, mtoto, ndoa, wananijibu, "Hawajambo, meneja, tunashukuru." Basi. Hakuna aliyenirushia neno la mzaha tena. Nilikuwa sijui kama kiwanda kinaweza kuwa kimya vile na mashine zinafanya kazi.

Na huo umeneja wenyewe, kama unataka kujua, haukuja. Barua ilifika nyingine ya miezi mitatu, na nyingine tena. Mpaka naandika haya bado nakaimu.

Nikiwa na barua ya tatu mama akafariki, usingizini, Tingi. Nilifika asubuhi watu wameshajaa, turubai limefungwa nje kwa wanaume, sisi wanawake ndani kwenye mikeka. Watani wengine walikuwepo wawili watatu lakini walikuwa wageni kwetu, wanaona haya kuanza. Mama mdogo, ndugu yake marehemu, akawa anauliza kila saa, "Mtani wa Sudi ameambiwa? Dada ameusia, avae kanga yake." Mama alikuwa amemwambia kila mtu. Mimi sikuwa nimempelekea habari, na wala sikuwahi kumpa ule ujumbe wa mama.

Akaja. Nani alimwambia sijui, habari za msiba barabara hii hazihitaji mjumbe. Alitoka Sudi alfajiri, akabadilisha magari na nyonga yake ile, na karibu na adhuhuri mtu akasema mlangoni, "Kuna mgeni mrefu amekuja, anasema ni mtani." Mama mdogo akanyanyuka na kilio kikamkatika palepale. "Alhamdulillahi!" Akafungua sanduku la marehemu, akatoa ile kanga ya njano, akatoka nayo mbio kumpelekea. Nami nikasogea kwenye dirisha.

Alikuwa amekaa mkekani na wanaume, ametulia. Mama mdogo akamwendea akainua kanga juu watu wote waione. "Mtani, kazi yako hii! Dada amekuagiza! Alikuwa anagombana na kuku, unajua habari hiyo?" Wanaume wakaanza kutabasamu, wakajiweka sawa, maana kila mtu alikuwa anaingoja nafasi ya kupumua.

Akasimama. Akaipokea kwa mikono miwili. Akaikunja mara mbili, akaikunja tena ikawa mraba mdogo, akamrudishia.

"Mama mdogo, mnisamehe," akasema. "Leo nimekuja kuzika tu."

Akazika. Alishika jeneza, alichimba zamu yake, alitia udongo. Hakuna aliyeigiza lolote, hakuna aliyecheka. Mama yangu, mtu wa vicheko vile, alikwenda kaburini kimya, watu wamenuna, vilevile alivyosema hataki.

Baada ya mazishi alikuja mlangoni kwetu wanawake kutoa pole kabla ya kushika njia. Alivua kofia. Nilikuwa nimekaa karibu na mlango na ile kanga ya njano mapajani, tayari nimeyapanga maneno yangu, kwamba nilisema uongo, kwamba anisamehe, hata anitukane mbele ya watu, anitukane sana, ana haki hiyo. Nilimtazama nikimwomba kwa macho anitukane.

"Pole sana, Bi Meneja," akasema, ameinamisha kichwa. "Mwenyezi Mungu amrehemu mama. Akupe subira."

"Mtani," nikaita.

Akasimama, akangoja kwa adabu, kama mtu anavyomngojea mkubwa wake wa kazi. "Naam, Bi Meneja?"

Yale maneno yakanipotea yote. "Ahsante kwa kuja," nikasema.

"Ni wajibu," akajibu. Akavaa kofia, akaenda barabarani kungoja basi.

Bibi mmoja jirani wa mama, aliyekuwa amekaa ubavuni mwangu, akanigusa goti. "Mashallah," akaninong'oneza. "Yule bwana anakuheshimu kweli."

Nikamwambia ndiyo, ananiheshimu.